Turbo Kubwa au Ndogo? Kuchagua Ukubwa na Presha kwa Gari la Nakuru na Milima Yake

Siku niliyotoka gereji na turbo kubwa, matatu ya abiria 14 ilinipita kwenye mlima wa Sachang'wan. Gari langu ni Subaru Forester SG5 ya gia za mkono, injini ya lita 2.0. Turbo ya kiwandani, TD04 ndogo ya Mitsubishi, nilikuwa nimeitoa nikaweka TD05 yenye feni ya 20G, na kila aliyeiona ikiwa mezani aliipigia mluzi. Mlimani, gia ya nne, kilomita 70 kwa saa, nilikanyaga mafuta hadi chini. Sindano ya presha ikatulia tuli pale kwenye sifuri. Kondakta alinichungulia, akacheka, wakaenda zao.

Kosa lilikuwa langu; fundi alifunga nilichomwambia afunge. Baadaye ilinichukua vipimo vingi, na turbo ya tatu, kuelewa mambo ambayo ningeyajua mapema yangeniokolea pesa. Nayaandika kwa mpangilio ambao ningeufuata leo. (Kama ulikuwa unatafuta njia ya kwenda Turbo, ule mji ulio kati ya Eldoret na Webuye, hapa umepotea.)

Magonjwa mawili, jina moja

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Feni ya moto husukumwa na moshi unaotoka kwenye injini. Feni ya baridi, upande wa pili, huvuta hewa na kuisindilia ndani ya injini. Injini ikipata hewa zaidi huchoma petroli zaidi, hutoa moshi zaidi, na feni ya moto huzidi kukimbia. Ni duara linalojilisha lenyewe, na kazi ngumu ni kulianzisha. Huko ndiko kuamka: shafti itoke kwenye uvivu wake hadi ivuke mizunguko 100,000 kwa dakika.

Sasa, mtu akisema "turbo yangu inachelewa", huenda anataja mojawapo ya mambo mawili. La kwanza ni kizingiti: mizunguko ya injini ambayo chini yake moshi ni haba mno, hata ukanyage mafuta mpaka kesho. La pili ni kuchelewa kwenyewe: umeshavuka kizingiti, moshi upo, lakini shafti nzito inahitaji muda kushika kasi. Kizingiti kinasomwa kwa mizunguko, kuchelewa kunasomwa kwa sekunde. Pale Sachang'wan mimi nilikuwa chini ya kizingiti. Ningeshikilia mafuta hadi Mau Summit isingeamka.

Hatua ya 1: Jua injini yako inaishi wapi

Kwa wiki moja tazama geji ya mizunguko na ukumbuke namba, kisha uziandike ukisimama. Zangu zilikuwa hivi: kutoka Lanet kuingia mjini na kuendelea hadi Kiamunyi, 1,500 hadi 2,500. Njia ya Naivasha, 2,500 hadi 3,000. Kupanda Sachang'wan kwa gia ya nne, 2,400 hadi 3,200. Zaidi ya 5,000 nilifika mara mbili tu, zote mbili kwa sababu shemeji alikuwa ndani ya gari.

Hizo ndizo namba za kumpelekea fundi. Wengi wetu tunampelekea namba ya nguvu za farasi tunazozitamani, naye anatupa turbo ya nguvu hizo.

Hatua ya 2: Pima ilivyo sasa

Tafuta barabara tambarare isiyo na watu wala magari, injini ikiwa imepata moto. Weka gia ya tatu au ya nne, shuka hadi mizunguko 1,500, kisha kanyaga mafuta yote na usiachie mpaka presha ifike kilele chake. Aliyekaa kando arekodi geji zote mbili kwa simu. Usitumie gia ya kwanza wala ya pili: injini hupanda haraka sana, turbo haipati muda, na utapata namba mbaya kuliko ukweli. Gia ya juu huipa injini mzigo, na mzigo ndio unaozaa moshi.

Ukirudi nyumbani tazama video polepole uandike namba tatu: mizunguko sindano inapovuka sifuri, inapofika bar 0.3 (bar ni kipimo cha presha), na inapofika kilele. Rudia mara tatu. TD04 yangu ilivuka sifuri kwenye 2,100 na kufika bar 0.7 kwenye 3,000. Ile 20G ilivuka sifuri kwenye 3,000, na bar 0.7 ikaja kwenye 4,400. Linganisha na namba za hatua ya kwanza, utaona kwa nini kondakta alicheka.

Kama unatumia kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya kompyuta ya gari na kusoma kwa simu, kumbuka kinaonyesha presha ya jumla, yaani hewa ya kawaida pamoja na ile ya turbo. Kipime kwanza: washa swichi bila kuwasha injini. Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, kinatakiwa kusoma karibu na kPa 81 (kPa 100 ni bar 1). Kisumu, karibu na 89. Kikisoma 95 ukiwa umeegesha Nakuru, sensa inadanganya, na kila namba utakayoisoma baadaye itakuwa ya uongo.

Hatua ya 3: Ziba kabla ya kununua

Hapa nitakaa kidogo, maana ni hatua ya bei rahisi kuliko zote na ndiyo inayorukwa. Presha ikivuja kati ya turbo na injini, turbo hufanya kazi ya kujaza hewa ya barabarani. Moshi ukivuja kabla ya kufika kwenye feni ya moto, nguvu ya kuizungusha hupotea njiani. Dalili ni moja: turbo inaonekana mvivu.

Tengeneza kifaa cha kupimia. Nunua kifuniko cha paipu ya plastiki kinachoingia kwenye mpira wa kuingizia hewa wa turbo, kitoboe katikati, pachika vali ya tairi lisilo na tyubu. Ondoa kasha la chujio la hewa, ingiza kifuniko, kaza klipu, na ubane mipira ya pumzi ya injini ili presha isiingie kwenye oili na kusukuma sili. Kisha nenda kwa fundi wa panchari. Ingiza hewa pole pole, bar 0.7, isizidi 1, na usikae mbele ya kifuniko: kikichomoka kinaruka kama jiwe la manati. Wa kwangu, kijana aliyezoea matairi ya bodaboda, alitazama mpira ule akauliza, "Bosi, hili ni tairi la wapi?"

Nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Kwangu tulisikia mluzi mwembamba, lakini hatukuona kitu mpaka kijana yule alipopitisha kidole chini ya intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, kwenye mpira unaoiunganisha na koo la injini. Ufa wa urefu wa ukucha, upande usioonekana. Ukiukunja mpira ulifunguka kama mdomo, povu likachuruzika. Gari likiwa limesimama mpira ule ulikuwa mzima. Presha ikiingia tu, unavuja. Mpira mpya ulishusha kizingiti kwa kama mizunguko 300. Sikuwa nimegusa turbo.

Upande wa moshi, tafuta masizi. Kwenye Subaru za injini ya EJ, paipu inayopandisha moshi kutoka chini hadi kwenye turbo ina viungo vinavyochoka. Alama nyeusi kando ya gasketi ni ushahidi tosha. Sikiliza pia asubuhi injini ikiwa baridi: sauti ya tik-tik-tik inayopungua gari likipata moto ni chuma kinachopanuka na kuziba ufa.

Halafu kagua westigeti, ule mlango mdogo unaopitisha moshi kando ya feni ili presha isipite kiasi. Ukiganda wazi kidogo tu, moshi unatoroka na turbo haiamki. Chomoa fimbo yake, uusukume kwa mkono: uende na kurudi bila kukwama, na ufunge hadi mwisho. Chujio la hewa lililojaa vumbi la Njoro na kichujio cha ekzosi kilichoziba havihitaji maelezo marefu. Badilisha.

Hatua ya 4: Ukubwa

Kama baada ya hayo bado unataka turbo nyingine, anza na uzito wa mzunguko. Feni mbili za umbo moja zikitofautiana kipenyo, ukaidi wake wa kuzunguka hutofautiana kwa kipenyo kilichopandishwa kwa kipeo cha tano. Ongeza kipenyo kwa asilimia 10, ukaidi unaongezeka kwa asilimia 61. Ongeza asilimia 20, ni karibu mara mbili na nusu. Ndiyo maana turbo "kubwa kidogo tu" kwa macho huwa mnyama mwingine barabarani.

Kisha kasha la upande wa moto, lenye namba ya A/R. Ni eneo la njia ya moshi likigawanywa kwa umbali wake kutoka katikati ya shafti. Namba ndogo ni njia nyembamba: moshi hupita kwa kasi, kama ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, feni inaamka mapema. Lakini injini ikifika juu, njia ile ile inaukaba moshi, nao unarudi nyuma na kuzuia silinda kupumua. Namba kubwa ni kinyume chake. Turbo moja ikiuzwa na makasha mawili, kwa matumizi ya barabarani mimi huchukua lile dogo bila kufikiri mara mbili.

Upande wa baridi nao uangaliwe. Feni kubwa ikisukuma hewa nyingi kuliko injini inavyoweza kumeza kwenye mizunguko ya chini, hewa hugonga na kurudi nyuma kwa mikupuo, turbo inatetemeka na beringi zinaumia.

Hapa ndipo mwinuko wetu unapoingia. Mombasa hewa ina presha ya takriban bar 1.01. Kisumu ni 0.89, Nakuru 0.81, Timboroa kama 0.73. Injini ya lita 2.0 ikizunguka 3,000 bila msaada wa turbo humeza kama lita 2,700 za hewa kwa dakika, popote ilipo. Mombasa lita hizo zina uzito wa karibu kilo 3.2; Nakuru, kilo 2.6. Hewa pungufu, petroli pungufu, moshi pungufu. Kuna afueni kidogo kwa sababu moshi nao unatoka kwenda kwenye hewa nyepesi, lakini haifuti upungufu. Mtu wa Mombasa akikuambia turbo yake inaamka kwenye 3,000, wewe wa Nakuru ongeza mia kadhaa.

Na ikishaamka, inafanya kazi ngumu zaidi. Turbo haijui bar za geji yako. Inajua imezidisha hewa mara ngapi. Ukitaka bar 1 kwenye geji, Mombasa inazidisha mara 2.0. Kisumu 2.1. Nakuru ni 0.81 jumlisha 1, gawanya kwa 0.81, yaani 2.2. Timboroa, karibu 2.4. Sindano ni ile ile, shafti inakimbia zaidi.

Watengenezaji wakubwa huchapisha chati za feni ya baridi, na watu huzisoma kana kwamba Nakuru iko ufukweni. Fanya hivi. Lita 2.0, mizunguko 6,500, bar 1, hewa ikitoka kwenye intakula na nyuzi 50: injini inapitisha kama kilo 11.4 kwa dakika. Chati nyingi zimechorwa kwa hewa iliyo karibu na ya usawa wa bahari, kwa hiyo gawanya kwa 0.81. Unapata kama 14. Weka alama kwenye kilo 14 kwa dakika kwa mlalo (hewa inayopita) na 2.2 kwa wima (imezidishwa mara ngapi). Ikiangukia katikati ya visiwa vya ufanisi, yale maduara yaliyochorwa ndani ya chati, turbo inatosha. Ikiangukia nje ya ukingo wa kulia, ni ndogo. Kisha weka alama nyingine ya mizunguko 3,000. Ikigusa mstari wa kushoto, mpaka wa ile hewa inayorudi nyuma, ni kubwa mno.

Hatua ya 5: Presha

Imani iliyoenea gerejini ni kwamba ukipandisha presha turbo inaamka mapema. Haiamki. Ukitoka bar 0.7 kwenda 1.0, njia ya kutoka sifuri hadi 0.7 ni ile ile. Umeongeza tu kipande cha juu, na kilele kipya kinafika baadaye kuliko kile cha zamani.

Ila kuna jambo moja la kweli ndani ya imani hiyo. Westigeti ya springi haifunguki ghafla. Springi ya bar 0.5 huanza kuachia kidogo kwenye 0.3 au 0.4, na moshi unaanza kutoroka wakati turbo bado inapanda. Solenoidi ya kudhibiti presha (vali ya umeme), ikiwekwa vizuri, huinyima westigeti habari hadi presha ikaribie kilele. Mlango unabaki umefungwa na moshi wote unakwenda kwenye feni. Kwangu hilo lilifanya kilele kifike mapema kwa mizunguko kama 250. Hapo ndipo pesa ya presha inapopaswa kwenda kwanza. Kaza hatua ndogo ndogo huku ukitazama sindano isiruke kilele na kurudi.

Kuongeza kilele chenyewe ni habari nyingine. Hewa ikisindiliwa hupata joto. Turbo yenye ufanisi mzuri, bar 0.7 Nakuru, hutoa hewa ya karibu nyuzi 100 kabla ya intakula. Turbo ndogo iliyosukumwa hadi bar 1.2 Timboroa, ufanisi ukiwa umeshuka, inakaribia nyuzi 160. Hiyo tayari ni hewa ya kuchomea mkate. Injini inaanza kugonga, yaani petroli inajilipukia yenyewe ndani ya silinda, na kugonga kukiendelea pistoni hupasuka. Magari mengi ya turbo ya Japani yalipangiwa petroli yao ya oktani ya juu, inayokaribia 100. Usiazime namba zao za presha ukitumia petroli ya kawaida. Ukiongeza presha, kompyuta ipangwe upya, uwiano wa hewa na petroli upimwe gari likiwa na mzigo, na pampu na nozeli zithibitishwe zinatosha. Asiye na vipimo hivyo akikuambia "tutasikiliza kwa sikio", chukua ufunguo wako.

Uliza pia kompyuta ya gari lako inalenga presha gani. Westigeti ya springi tupu inaheshimu geji: bar 0.7 ni 0.7 kokote, na nguvu zinapungua kadiri unavyopanda. Kompyuta nyingi za kisasa hulenga presha ya jumla, kwa hiyo mlimani huibana turbo izunguke zaidi kufidia. Gari la namna hiyo lililopandishwa presha Kisumu linaweza kuizungusha turbo kupita mpaka wake likifika Timboroa.

Wanaouliza kuhusu milipuko ya magari ya Safari Rally kule Naivasha: ule ni moto unaowashwa makusudi ndani ya ekzosi ili turbo isilale dereva akiachia mafuta. Unafanya kazi sana. Unakula turbo pia, na wao wana za akiba kwenye lori.

Hatua ya 6: Njia za kando

Kasha lenye njia mbili za moshi huzuia silinda zisivurugane na huamsha turbo mapema, lakini linadai manifoldi yake, yaani paipu za kukusanya moshi kutoka kwenye silinda. Turbo yenye majani yanayojifungua na kujifunga, kama ilivyo kwenye Toyota za dizeli za 1KD, huwa ndogo chini na kubwa juu. Adui yake ni masizi yanayogandisha majani, na safari fupi fupi za mjini huyaleta. Beringi za gololi hupunguza msuguano, hivyo hupunguza muda wa kuchelewa zaidi kuliko zinavyoshusha kizingiti. Turbo mbili za kupokezana, kama kwenye Legacy B4 za zamani, ni wazo zuri lenye shimo katikati: kwenye mizunguko 4,000 na kitu, ya kwanza ikimkabidhi mwenzake, nguvu hudidimia. Wenye magari hayo huliita bonde la kifo, na mimi nisingelinunua nikae nikifukuzana na mipira ya vakyumu.

Hatua ya 7: Kuifunga

Turbo iliyotumika ikague kabla ya kulipa: sukuma shafti mbele na nyuma kwa vidole, isiwe na mchezo unaosikika; mchezo mdogo wa kando ni kawaida kwenye beringi za kawaida, mradi feni haigusi kasha. Tazama ncha za majani kwa tochi. Badilisha paipu ya oili, na kwenye Subaru za EJ angalia kichujio kidogo kilicho ndani ya boliti ya paipu hiyo kwenye injini nyingi. Kikiziba, turbo mpya inakufa kwa njaa. Mwagia oili safi kwenye tundu la turbo kabla ya kuunga. Chomoa umeme wa pampu ya petroli, zungusha stata mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe. Dakika kumi bila kuigiza mbio, kisha zima na ukague uvujaji.

Kisha rudi kwenye barabara ile ile, gia ile ile, simu ile ile.

Turbo yangu ya tatu ni IHI ya familia ya VF, iliyotoka kwenye STi, Subaru ya toleo la mbio, nimeiwekea bar 0.9. Inavuka sifuri kwenye 2,500 na kufika 0.7 kwenye 3,300. Kwenye karatasi ina nguvu pungufu kuliko 20G, ambayo nilimuuzia jamaa wa Eldoret baada ya kumwonyesha video zote mbili. Alisema anaipenda sauti.